Saa 168 za Juma Moja



Kila jioni, saa za kazi zinapokwisha katika mji wetu wa Lubumbashi, twaona barabarani watu wa namna mbili. Wa kwanza wanarudi kwao, huko Katuba, Kenya, Kamalondo au Ruashi, wakitazamia chakula na mazungumzo ya nyumbani. Wa pili wamebeba daftari kwapani, nao hawarudi bado. Kazi ya mchana imekwisha, sasa waanza kazi ya jioni: wanakwenda darasani. Miongoni mwao kuna makarani, mafundi wa umeme, walimu, wauguzi, walinzi, hata akina mama waliouza sokoni tangu alfajiri.

Watu hao twawasifu kwa moyo wote. Chuo kikuu kilipofungua milango hapa mwaka 1956, mji ukiitwa bado Elisabethville, watu weusi walioingia walikuwa wachache sana. Mtu mzima mwenye jamaa na kazi hakufikiri hata kidogo kwamba siku moja angeweza kuketi tena kwenye dawati. Leo baba wa watoto wanne anasoma mahesabu ya biashara usiku, wala hakuna anayemcheka. Ni maendeleo ya kweli.

Lakini masomo yana gharama mbili. Ya kwanza yaonekana: ni fedha za shule, za vitabu na za njia. Jamaa nyingi huiweka katika hesabu tangu mwanzo. Gharama ya pili haiandikwi katika karatasi yoyote. Hulipwa kwa usingizi, kwa afya ya mwili, na kwa uvumilivu wa watu wa nyumbani. Kwa kuwa haiandikwi, watu hukopa bila kujua kiasi, na deni huja kudaiwa lote kwa siku moja: kitandani hospitalini, au katika ugomvi wa mume na mke. Juu ya deni hilo ndipo tutakaposema leo.

HESABU YA JUMA

Juma lina siku 7, na siku ina saa 24. Jumla ni saa 168. Mkubwa wa kazi na mlinzi wa mlango wamegawiwa kadiri ileile, wala hakuna duka linalouza nyingine.

Tuchukue mfano wa karani wa ghala, mwenye mke na watoto, anayesoma jioni mara 4 kwa juma. Sheria ya kazi ya nchi yetu, iliyotolewa mwezi wa Oktoba 2002, yasema kwamba kazi isipite saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma. Tuandike basi 45. Njia ya kwenda kazini na kurudi yamtaka saa moja na nusu kila siku, kwa siku 6: ni saa 9. Kulala saa 7 kila usiku ni saa 49. Kuoga, kuvaa, kula na kazi ndogondogo za nyumbani, saa 2 kila siku: ni 14. Darasa la jioni, saa 3 mara 4: ni 12, na njia yake tuseme 2. Kurudia masomo, saa 8. Mazoezi ya mwili, saa 2 na nusu. Tukijumlisha yote twapata saa 141 na nusu. Zinabaki 26 na nusu, yaani pungufu kidogo ya saa 4 kwa kila siku.

Msomaji atasema: “Kumbe zinatosha!” Kwenye karatasi zinatosha kweli. Lakini katika saa hizo 26 na nusu kuna mke, watoto, wazazi, majirani na sala. Kuna mtoto atakayeshikwa na homa usiku, basi dogo litakalochelewa, maji yatakayokosa katika bomba, mkubwa wa kazi atakayesema, “Leo baki kidogo.” Kuna matanga, ambayo mtu wa kwetu hawezi kuyapa mgongo. Majuma mengine saa hizo humalizika kabla ya siku ya nne. Hapo mwanafunzi wetu hutafuta mahali pa kuchukua nyingine, naye hazichukui kazini, kwa maana atafukuzwa, wala darasani, kwa maana ataanguka mtihani. Anazichukua katika usingizi, kwa kuwa usingizi haupigi kelele.

USINGIZI SI AKIBA YA KUCHOTA

Wengi hudhani kwamba kulala ni kupoteza wakati, na kwamba mwanamume hodari ni yule anayelala saa 4 tu. Fikira hiyo si ya kweli. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walipima watu waliokaa macho kwa muda mrefu. Waliona kwamba mtu aliyekesha saa 17 mfululizo, mkono wake na jicho lake hufanya kazi kama vya mtu aliyekunywa pombe hata ikafika kiasi cha 0.05 kwa 100 katika damu yake. Katika nchi nyingi kiasi hicho chatosha kumkataza mtu asiendeshe gari.

Haya, tumhesabie karani wetu. Ameamka saa 11 alfajiri. Darasa limekwisha, anapanda pikipiki kurudi nyumbani, na saa inaonyesha 4 ya usiku. Ni saa 17 kamili. Hakugusa chupa, lakini anakwenda barabarani kama mtu aliyekunywa. Na ikiwa kesho yake anatumika penye mashine, moto au umeme, hatari yamfuata hata huko.

Hata masomo yenyewe yanadhurika. Tangu mwaka 1924 Wamarekani wawili, Jenkins na Dallenbach, walionyesha kwamba mtu anayejifunza kitu kisha akalala hukumbuka mengi zaidi kuliko anayejifunza kitu kilekile kisha akakaa macho kwa muda uleule. Wakati wa kulala, akili hupanga na kukaza yale iliyoyapokea mchana. Basi anayekesha usiku kucha kabla ya mtihani afanana na mkulima anayemwaga mbegu nyingi bila kuzifunika udongo.

Kwa mtu mzima saa 7 ni kadiri ya chini. Twashauri ziandikwe kwanza kabisa katika hesabu ya juma, kabla ya kazi na kabla ya shule.

Tena kuna mambo matatu juu ya usiku. Kwanza, umeme ukikatika, wanafunzi wengi hutoka nje kusoma chini ya taa ya jirani au ya barabara. Mbu wa malaria huuma hasa usiku. Vaa nguo ndefu unapokaa nje, na kitandani lala ndani ya chandarua. Siku 5 za malaria hula masomo ya majuma mawili. Pili, mwezi wa Juni na wa Julai baridi yetu ni kali, na wengine huingiza mbabula yenye makala chumbani, wakafunga mlango na dirisha ili wasome katika joto. Msifanye hivyo kamwe! Makala hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa wamelala. Ni vivyo hivyo kwa jenereta: mahali pake ni nje, mbali na dirisha. Tatu, vinywaji vya kopo vinavyosifiwa kwamba vinatia nguvu haviongezi nguvu yoyote. Dawa iliyomo, ile ya kahawa, huuficha uchovu tu. Baada ya saa 5 hivi, nusu yake ingali ndani ya damu. Aliyekunywa kopo saa 2 ya usiku asishangae akigeukageuka kitandani mpaka saa 7.

MWILI ULIOKETI

Karani huketi kazini, huketi katika basi, huketi darasani, kisha huketi mezani. Mababu zetu hawakuujua ugonjwa huo wa kiti. Huko Uingereza, mwaka 1953, daktari Jerry Morris alitangaza habari za watu wa mabasi ya London, yale ya orofa mbili. Dereva aliketi siku nzima. Mwenzake wa kukata tikiti alipanda na kushuka ngazi mara nyingi. Watu hao walikuwa wa mji mmoja na wa kazi moja, walakini ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi kuliko wenzao wa tikiti. Tangu hapo elimu hiyo imezidi kuthibitishwa.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mashauri mapya mwaka 2020. Lasema kwamba mtu mzima autumie mwili wake kwa dakika 150 mpaka 300 kila juma, kwa nguvu ya kadiri, na kwamba siku 2 au zaidi afanye mazoezi ya kukaza misuli. Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku 5. Wala si lazima kulipa mahali pa mazoezi au kununua viatu vya bei kubwa. Kutembea upesi kunatosha, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mtu anayeshuka katika basi kabla ya kituo chake na kumaliza njia kwa miguu, asubuhi dakika 15 na jioni dakika 15, amekwisha kulipa deni la siku, tena ameokoa wakati, maana njia hiyo angeipita vyovyote. Kwa kukaza misuli, chuchumaa na kusimama mara 15, jiinue kwa mikono sakafuni kadiri uwezavyo, kisha rudia. Dakika 10 zatosha, na watoto watapenda kukufuata.

Twaongeza maneno mawili. La kwanza ni kwa wale wanaobeba magunia au kuchimba mchana kutwa. Mwili wao umekwisha kutumika sana. Wanachohitaji jioni ni kupumzika, si kukimbia uwanjani. La pili ni kwa akina baba wenye miaka zaidi ya 30 walioketi juma zima, ambao siku ya Dominika huvaa viatu vya mpira na kukimbia kama vijana wa Mazembe. Misuli iliyolala siku 6 hukatika siku ya saba. Anzeni kwa kutembea majuma kadhaa, na kabla ya mchezo upasheni mwili moto.

CHUNGU CHA MWANAFUNZI

Twajua jinsi wengi wanavyokula. Asubuhi hawali neno, kwa haraka. Saa 4 wananunua vitumbua na chai yenye sukari nyingi. Kisha hakuna kitu mpaka saa 4 ya usiku, wanapokuta mlima wa bukari, wakaumaliza na kulala papo hapo. Hapo tumbo linakesha badala ya mwenyewe.

Chakula chetu si kibaya. Ugawaji wake ndio mbaya. Fungu la bukari la usiku na lipunguzwe, na asubuhi mtu ale kitu cha maana: maharagi yaliyobaki jana, viazi vitamu, karanga, yai likipatikana. Karanga mkononi na ndizi moja kabla ya darasa zafaa kuliko soda, na pengine bei yake ni ndogo zaidi. Usiku sombe au lengalenga na kapenta viwe vingi, bukari iwe kidogo.

Tuangalie pia chumvi. Shirika lilelile lasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, pamoja na ile iliyofichwa katika samaki wa chumvi na katika vile vidonge vya kutia ladha. Chumvi nyingi, kuketi sana na unene huleta ugonjwa wa kupanda kwa damu, ndio watu wa mji huuita tansio. Ugonjwa huo mara nyingi hauna dalili. Mtu hujiona mzima mpaka siku anapoanguka. Kupimwa ni kazi ya dakika chache. Ikiwa mara kwa mara kipimo chafika 140 kwa 90 au kupita, umwone mganga, hata kama husikii maumivu yoyote.

DAFTARI NA AKILI

Sasa tutazame masomo yenyewe, maana kusoma kwa akili huokoa saa nyingi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika kitabu juu ya majaribio aliyoyafanya juu ya kichwa chake mwenyewe. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana, akapima jinsi alivyozisahau. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea katika saa za kwanza, kisha kusahau hupunguza mwendo. Aliona tena kwamba kurudia kidogokidogo kwa siku mbalimbali kwashinda kurudia mara nyingi kwa siku moja.

Kwa hiyo, dakika 20 kesho yake ya somo zina thamani kuliko saa 3 baada ya mwezi. Ndani ya basi, mwanafunzi afunge daftari na kujiuliza: “Jana mwalimu alisema nini? Mambo matatu makubwa ni yapi?” Kisha afungue na kusahihisha. Kusoma kurasa zilezile kwa macho tu mara 10 humpa mtu furaha ya kuzijua, lakini siku ya mtihani anakuta kwamba alizifahamu sura tu, kama mtu anayekutana nawe njiani bila kukumbuka jina lako. Na simu iwekwe chumba kingine. Mtu husema, “Natazama habari kidogo,” na kidogo hiyo yameza nusu saa.

Tena, yeyote aliye na ruhusa ya kugawa mwaka mmoja wa masomo katika miaka miwili asione haya kufanya hivyo. Wahenga walisema: mshika mbili, moja humponyoka. Diploma haisemi imechukua miaka mingapi. Lakini aliyeacha katikati kwa sababu ya ugonjwa au madeni hana diploma wala fedha alizozilipa.

WATU WA NYUMBANI

Tumefika penye jambo kubwa kuliko yote. Baba anapokwenda darasani jioni 4 kwa juma, ni nani anayebaki na mtoto mwenye homa? Ni nani anayengoja na chakula hata saa 4 ya usiku, kisha anaamka kwanza kuwasha makala? Mara nyingi ni mama. Basi saa za masomo zimetoka katika usingizi wa mtu mwingine, ambaye hatapata diploma wala kupandishwa cheo. Si haki kwamba hesabu ya juma ifanywe na mtu mmoja, na gharama ilipwe na wawili.

Hata hivyo leo akina mama wengi nao wanasoma, baada ya soko, baada ya ofisi, baada ya zamu ya usiku hospitalini. Sheria ya jamaa ya nchi yetu ilipogeuzwa mwaka 2016, ile ruhusa ya mume iliyomfunga mke katika mambo ya sheria iliondolewa. Lakini sheria haioshi sahani. Mama akisoma huku kazi zote za nyumba zikimngojea mezani, saa zake 168 zimekwisha kabla hajafungua kitabu. Mume anayejisifu mbele ya rafiki zake kwamba mkewe yuko chuoni, na achukue chungu jioni mbili kwa juma, awaogeshe watoto, ateke maji. Watoto wa kiume nao wafundishwe hivyo mapema.

Twashauri kwamba kabla ya kulipa fedha za shule, mume na mke waketi pamoja, watoto wakubwa wakiwapo. Wakubaliane jioni gani ni za darasa, na nani atafanya nini jioni hizo. Wachague jioni moja isiyoguswa na daftari, kwa mfano ya Jumamosi, ile siku ambayo wazee wa mji huu waliizoea kuiita siku ya posho. Wakubaliane na juu ya matanga: penye msiba wa karibu, darasa lingoje, penye msiba wa mbali, mmoja awawakilishe wote. Na jioni za kurudia masomo, wazazi na watoto waketi kwenye meza moja, chini ya taa moja. Mtoto anayemwona baba yake akihangaika na hesabu, akifuta na kuanza tena, hujifunza kwamba kukosea si aibu.

KARATASI UKUTANI

Basi, ndugu wasomaji, Dominika hii twaeni karatasi, mwandike hesabu yenu wenyewe, maana yetu ilikuwa mfano tu. Yule mwenye njia ndefu au zamu za usiku ataona tarakimu nyingine. Andikeni usingizi kwanza, kisha kazi, kisha watu wa nyumbani na mwili, na masomo mwisho, katika nafasi iliyobaki. Jumla ikipita 168, kitu lazima kipungue, nacho kisiwe usingizi wa baba wala wa mama. Pengine litapungua somo moja mwaka huu, likachukuliwa mwaka ujao. Hakuna ubaya. Bandikeni karatasi hiyo ukutani, na baada ya mwezi mmoja mketi tena mbele yake kuitazama, mume, mke na watoto, mseme kwa kweli ni nani amechoka.